Nozo (ncha ya injekta) ya silinda ya 3: nibadilishe ncha hiyo tu au injekta nzima, yaani kifaa kizima kinachonyunyiza dizeli?

Mafundi wa Nakuru na Kisumu, naomba ushauri. Injini ni ya dizeli, lita 2.5, komoni reli (bomba moja la shinikizo kubwa linalolisha injekta zote). Asubuhi inagonga na kutoa moshi mweupe. Ikipata moto inatulia. Kwenye kipimo cha dizeli inayorudi kutoka kila injekta, chupa ya silinda ya 3 ilijaa karibu mara tatu ya zingine. Hiyo kwa kawaida ni vali ya ndani ya injekta kuvuja. Ila moshi unanifanya nishuku pia sindano ya ndani ya nozo haikai sawasawa, dizeli inadondoka badala ya kunyunyizwa kama ukungu. Filta na washa (ringi) za shaba ni mpya. Je, nozo pekee inatosha, au injekta nzima na kuingiza namba zake za urekebishaji kwenye kompyuta ya gari? Na nani ana benchi ya kupima injekta inayofika shinikizo la baa 1,600?