Mzee kala sambusa juu ya mswada wangu, simtaji ila mnamjua

Jahazi La Angani:

Wakuu leo sina salamu. Naandika nimesimama kwenye daladala, mkono mmoja bomba mkono mmoja simu, kwapa la mtu liko usoni, nikikosea herufi mnisamehe, hasira zimefika mpaka kwenye kucha.

Kuna mzee. Simtaji. Mnamjua. Yule ambaye pakiwa na shughuli yoyote ya vitabu hapa mjini lazima akae meza ya mbele, koti lile lile la kahawia tangu enzi za Azimio la Arusha, akishika maiki haachii mpaka betri ife. Huyo huyo.

Leo wakati wa chai nimemfuata na mswada. Miaka minne naandika usiku nikitoka kazini. Kurasa 212, nimeprinti stesheneri kwa mia mia, nikafunga spairo, hela ya kava la plastiki ikapungua nikasema potelea mbali. Nikampa shikamoo ya kuinama. Akaupokea kwa mikono miwili wakuu, MIWILI, nikajua hapa nimetoboa. Akauweka mapajani. Nikajua anafungua asome. Akachukua sambusa akaiweka juu yake.

Sambusa. Juu ya mswada. Sahani zipo pale mezani zimepangwa, yeye sahani yake ni mimi.

Huku anatafuna ananiuliza inahusu nini. Nikamwambia ni jahazi la angani, mwaka 2190, linang'oa nanga Kilwa Kisiwani kwa tanga la upepo wa jua, nahodha ni bibi mmoja wa hapo hapo Kilwa na ndani ya mitambo kuna jini anayempigia hesabu za njia. Akacheka mpaka makombo yakaruka. Eti "Kijana, majini waachie bibi zako, andika maisha."

Maisha yapi?? Wakati yeye akisimama popote Shaaban Robert anamtaja kama babu yake mzaa baba! Kusadikika ya 1951 ni nchi iko wapi? Angani, inaelea! Mwaka uliofuata ikatoka Adili na Nduguze, jamaa ndugu zake wawili wamegeuzwa manyani na jini na kila usiku lazima awacharaze viboko, hayo ndo maisha ya Temeke au ya wapi? Mbona Adili hajawekewa sambusa? Katama Mkangi kule Pwani ya Kenya kwenye riwaya yake kamrusha shujaa wake Dzombo na chombo mpaka nchi ya Walenisi tangu 1995, mimi sijazaliwa, na sijasikia profesa aliyemwambia apeleke kwa bibi.

Narudia ili mnielewe. Mafuta yamepenya kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa tisa. Wa tisa ndo jini anaongea mara ya kwanza. Ukiunyanyua sasa hivi unamwona konda kupitia kwenye ukurasa. Na zile sambusa zilikuwa za moto.

Nashuka, nakuja.

Kibatari Cha Jana: Nimewahi siti ya mbele. Nani ana karanga

Mama Zuwena: Pole mwanangu. Hiyo sambusa ilikuwa ya nyama au ya viazi?

Jahazi La Angani: Mama angu mimi nimedhalilishwa mbele za watu unaniuliza nyama? Ya nyama.

Mzito wa Buza: Huyo mzee namfahamu vizuri sana, mashairi yangu aliyasikiliza huku anaongea na simu. Ila koti ni la kijani

Jahazi La Angani: Ni la kahawia mkuu, nimelitazama dakika kumi nzima

Mzito wa Buza: Basi wako wawili. Tumekwisha

Fundi Redio: Samahani mleta mada, nimekwama hapo kwenye tanga. Tanga la namna hiyo halisukumwi na upepo wa jua, linasukumwa na mwanga wenyewe. Wajapani walilifungua angani 2010, chombo kinaitwa IKAROS, tanga mita 14 kwa 14, jembamba kuliko unywele. Msukumo wake mdogo mno, jahazi zima na abiria hapo Kilwa haling'oki hata sentimita. Labda lianzie huko huko juu

Jahazi La Angani: Nimeandika miaka minne ndugu yangu

Fundi Redio: Nakuelewa mkuu ila fizikia haina huruma

Jahazi La Angani: Jini ndo analinyanyua mpaka juu. Ukurasa wa kumi na moja

Fundi Redio: Hapo sawa, jini sina neno

Kibatari Cha Jana: 😂😂😂 mzee alikuwa na sambusa huyu ana rula

Joka la Nyeri: Wee shukuru mswada wako aliutumia kwa kazi. Huku Kenya hadithi yangu ilikuwa na joka linaishi Mlima Kenya. Mhariri akaniuliza, hii inaweza kuwa setibuku, kitabu cha kusomwa shuleni kwa mtihani? Akasema nitoe joka niweke ufisadi. Nikatoa joka. Kitabu kikabaki na mlima tu. Mwaka wa pili huu hawajanijibu

Dada Msomaji: Na nyie waandishi mnaoonewa kila siku, malalamiko yetu wasomaji tupeleke wapi? Nimelipa elfu mbili kwenye grupu la WhatsApp niendelee na simulizi ya malkia wa kuzimu, mwandishi kaandika ITAENDELEA tangu Ramadhani. Malkia yuko kisimani mpaka leo. Nikimpigia anasema yuko msibani

Mzito wa Buza: Ile ya kisima! Mimi nilitoa elfu tatu dada, nadhani alinipiga bei ya wanaume

Kibatari Cha Jana: Afadhali huyo yuko msibani. Jana kibanda umiza tunaangalia muvi, chombo cha anga kinalipuka, wageni wanashuka na miguu sita, DJ anayetafsiri kanyamaza kutafsiri anamsalimia fundi wake wa simu wa Manzese

Mama Zuwena: DJ msimguse. Mama yangu mzazi hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini safari za kurudi nyuma miaka mia anazielewa kuliko nyie, kwa sababu ya DJ

Jahazi La Angani: Wakuu turudi kwenye mada. Mtu kaweka sambusa tatu juu ya kazi ya mwenzake na mwisho KAPANGUSA VIDOLE kwenye ukurasa wa pembeni, hili mbona hamliongelei

Dada Msomaji: Tatu? Kichwa cha uzi sambusa, katikati "zile sambusa", saa hii tatu. Kesho tutaamka ni karai zima

Jahazi La Angani: Zilikuwa tatu. Moja alikula amesimama

Joka la Nyeri: Sasa kama alisimama, mswada ulikuwa kwa mapaja ya nani

Fundi Redio: Swali zuri

Mzito wa Buza: Huyo DJ wa kibanda umiza ni yule wa sauti nzito au yule anayecheka kabla ya utani?

Kibatari Cha Jana: Anayecheka kabla

Mzito wa Buza: Ananidai huyo. Usimwambie niko humu

Mama Zuwena: Mwanangu hujanijibu vizuri, pilipili waliweka humo humo kwenye nyama au ilikuwa ya pembeni? Nina shughuli Jumamosi natafuta mpishi