Je, niflashi vBIOS ya RTX 3060 kwenye kompyuta mpakato, au tatizo ni draiva?

Muuliza swali (Morogoro)

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kabla sijafanya jambo ambalo huenda nisiweze kulirudisha nyuma. Nina kompyuta mpakato ya magemu niliyoinunua ikiwa imeshatumika, yenye kichakato cha Intel na kadi ya grafiki ya NVIDIA RTX 3060 ya GB 6, nayo inatumia Windows 11 ileile aliyoiacha mmiliki wa kwanza. Miezi miwili ya mwanzo sikuona tatizo lolote. Baadaye ikaanza tabia hii: nikicheza gemu kwa dakika kumi na tano au ishirini, skrini inakuwa nyeusi ghafla, sauti inaendelea kusikika kwa sekunde mbili tatu, kisha picha inarudi huku gemu likiwa limejifunga. Kwenye kumbukumbu za matukio za Windows nimekuta tukio namba 4101, linaloeleza kwamba draiva ya nvlddmkm iliacha kuitikia, kisha ikarejea.

Wiki iliyopita nilitumia karibu MB 800 za bando kupakua draiva mpya, nikaisakinisha juu ya ile ya zamani, na hali ikawa mbaya zaidi. Sasa kadi ina alama ya njano kwenye orodha ya vifaa, pamoja na msimbo wa 43 unaosema kwamba Windows imekisimamisha kifaa hiki kwa sababu kimeripoti matatizo. Skrini inawaka kwa grafiki ya Intel, lakini magemu hayachezeki.

Kijana mmoja anayetengeneza kompyuta hapa mtaani ameniambia kwamba dawa yake ni kuflashi vBIOS mpya, yaani kuandika upya programu dhibiti ya kadi ya grafiki, na amenipa faili aliyoitoa kwenye mashine ya kampuni nyingine yenye RTX 3060 kama yangu. Anasema faili hiyo itaipandisha kadi kutoka wati 80 hadi 115. Programu ya nvflash ya kuiandikia faili hiyo ninayo tayari. Betri yangu imechoka, haimalizi dakika kumi bila chaja. Je, niendelee?

Mchangiaji wa kwanza (Mombasa)

Ndugu yangu, tafadhali usiendelee. Iweke kando faili hiyo, hata kama aliyekupa ana nia njema kabisa, maana maelezo yako yanaonyesha kwamba una matatizo mawili tofauti, na hakuna hata moja ambalo limethibitika kutokana na vBIOS.

Tofauti iliyopo kati ya draiva na vBIOS ndiyo inayopaswa kuamua hatua yako ya kwanza. Draiva ni programu iliyo kwenye diski. Ikiharibika unaifuta na kuiweka upya mara nyingi utakavyo, wala hakuna kinachoungua. vBIOS ni programu dhibiti iliyoandikwa ndani ya chipu ndogo kwenye ubao mama, nayo ndiyo inayoieleza kadi, kabla Windows haijaamka, kumbukumbu zake ni za aina gani, volti zake ziende vipi na iruhusiwe kula wati ngapi. Kwa RTX 3060 ya mpakato, NVIDIA ilitoa nafasi ya kuanzia wati 60 hadi 115, na kila mtengenezaji wa mashine akachagua kiwango chake kwa kuangalia feni, mabomba ya shaba ya kupozea na chaja aliyoiweka. Kwa hiyo kadi mbili zenye jina moja katika mashine za kampuni mbili zina vBIOS mbili tofauti, na wati 80 ulizonazo zilipangwa kwa sababu.

Msimbo wa 43 uliojitokeza mara tu baada ya kusakinisha draiva juu ya draiva, mtuhumiwa wake wa kwanza ni draiva hiyohiyo. Pakua kwanza faili zote unazozihitaji: draiva ya grafiki ya Intel na ya NVIDIA kutoka ukurasa wa mtengenezaji wa mashine yako, kwa namba kamili ya modeli iliyo kwenye kibandiko cha chini, pamoja na programu ya Display Driver Uninstaller ambayo wengi huiita DDU. Kisha zima intaneti kabisa, na hili usilipuuze, kwa sababu Windows ikiona kadi haina draiva itakimbilia kuchukua toleo lake yenyewe wakati wewe bado unasafisha, na utaishia na mchanganyiko kama ulio nao sasa. Washa mashine katika hali salama, tumia DDU kuondoa mabaki yote ya NVIDIA, iwashe upya, sakinisha ya Intel kwanza, halafu ya NVIDIA ukichagua usakinishaji safi. Intaneti irudi mwisho.

Kuhusu skrini kuwa nyeusi: tangu enzi za Windows Vista, mfumo huipa kadi ya grafiki sekunde 2 za kujibu, na isipojibu, Windows huizima draiva na kuiwasha tena. Hilo ndilo tukio 4101 uliloliona. Watakuwapo watakaokushauri uongeze muda huo kwenye rejista ya Windows kwa kubadilisha thamani iitwayo TdrDelay, lakini hapo utakuwa umeirefushia kadi muda wa kukwama, na kinachoikwamisha kitabaki palepale. Tafuta kwa nini haijibu. Umesema Windows ni ya mmiliki wa kwanza. Je, kuna MSI Afterburner au programu yoyote ya kuongeza kasi ya kadi inayojiwasha pamoja na mashine? Na umeipima joto ukiwa ndani ya gemu?

Mchangiaji wa pili (fundi, Mwanza)

Naunga mkono yote yaliyosemwa hapo juu, na ninaongeza ushuhuda wangu, kwa sababu kosa unalotaka kulifanya mimi nimelifanya kwenye mashine ya mteja.

Mteja huyo alitaka nguvu zaidi, mashine yake ilikuwa na kadi iliyofungiwa wati 80, nami nikapata vBIOS ya modeli nyingine yenye jina lilelile la kadi. Nilijiaminisha kwamba faili ikikubaliwa basi ni salama. Kadi za NVIDIA tangu familia ya Pascal ya mwaka 2016 hukagua sahihi ya kidijitali, hivyo vBIOS iliyochezewa na mtu hukataliwa. Lakini faili halali ya mashine nyingine ina sahihi halali, na nvflash ukiilazimisha kupuuza tofauti ya namba za utambulisho, itaiandika. Iliandika hadi mwisho bila kulalamika. Nilipoiwasha mashine upya, kadi ilikuwa imetoweka kabisa kwenye orodha ya vifaa. Sababu niliyoigundua baadaye ni kwamba chipu za kumbukumbu kwenye ubao ule zilikuwa za kampuni ambayo vBIOS mpya haikuwa na maelekezo yake, kwa hiyo kadi ilishindwa hata kuamka.

Kilichoniokoa ni vitu viwili. Kwanza, nilikuwa nimehifadhi nakala ya vBIOS ya asili kabla ya kugusa chochote. Pili, mashine ilikuwa kwenye hali ya mseto, ambapo skrini hupata picha kupitia grafiki ya Intel, hivyo ilibaki inawaka. Kama ingekuwa imewekwa kwenye hali ya kadi kubwa peke yake, nisingeona chochote. Hata hivyo nvflash haikuweza kuiona kadi tena, ikabidi nifungue mashine, niondoe betri, nikabane chipu yenye miguu minane kwa kibanio kilichounganishwa na CH341A, kifaa cha kusoma na kuandika chipu, waya mwekundu ukielekea kwenye mguu uliowekewa nukta. Chipu yenyewe ilikuwa ya volti 1.8, ilhali kifaa hicho hutoa 3.3, na bila adapta ya kushusha volti ningeiunguza. Mikono ilinitetemeka muda wote. Kibanio kiliteleza mara tatu kabla hakijasoma vizuri, na nilisoma chipu mara mbili nikilinganisha faili kabla ya kuthubutu kuandika. Ilipona, nami nilimweleza mteja ukweli wote na sikumtoza hata senti.

Wewe una betri ya dakika kumi. Umeme ukikatika chaja ikiwa ndiyo tegemeo lako pekee, hakuna atakayekulaumu kwa kukatika kwa umeme, lakini mashine itakuwa imekufa.

Muuliza swali

Nawashukuru sana wakuu, nimezifuata hatua moja baada ya nyingine.

DDU imemaliza kazi kwa chini ya dakika tano, na baada ya kusakinisha draiva ya mtengenezaji, alama ya njano imeondoka na msimbo wa 43 umetoweka. Kabla sijasafisha nilikuta kweli matoleo mawili ya draiva kwenye mashine, moja likiwa lile nililopakua na jingine la tarehe ambayo sikusakinisha kitu chochote.

Usiku huohuo nikajaribu gemu, na dakika ya kumi na nane skrini ikawa nyeusi kama zamani. Nilivunjika moyo, kisha nikakumbuka swali la kaka wa Mombasa. Afterburner ipo. Ilikuwa imejificha kwenye zile aikoni ndogo karibu na saa, na ndani yake kuna mpangilio unaojiwasha pamoja na Windows, wenye nyongeza ya MHz 150 kwenye kasi ya kadi na MHz 900 kwenye kumbukumbu. Mimi sikuwahi kuigusa. Nimerudisha kila kitu kwenye sifuri na kuizuia isijiwashe.

Jambo moja bado linanisumbua: kwa nini miezi miwili ya mwanzo ilivumilia?

Mchangiaji wa tatu (Nairobi)

Nadhani jibu la swali lako ni joto. Kumbukumbu iliyosukumwa hadi ukingoni inaweza kuvumilia wakati wa baridi na kwenye magemu mepesi, kisha ikaanza kukosea vumbi linapoziba feni na hewa ya chumbani inapopanda. Fungua kifuniko cha chini, safisha feni kwa brashi laini huku umezizuia zisizunguke, na kama krimu ya kupozea imekauka, ibadilishwe na mtu mwenye uzoefu.

Ningependa pia kurekebisha kidogo mwelekeo wa mjadala, ili asije mtu akaondoka hapa akidhani programu dhibiti ya grafiki haisasishwi kamwe. Husasishwa, ila kwa sababu inayotajwa waziwazi na mwenye kifaa. Mwaka 2018 NVIDIA ilitoa programu ya kusasisha programu dhibiti ya kadi za familia za Maxwell na Pascal zilizokuwa zikionyesha skrini tupu hadi Windows iamke, zikiunganishwa na skrini za DisplayPort 1.3 na 1.4, programu hiyo huikagua kadi kwanza, na kama haihitaji kusasishwa hukueleza na kuishia hapo. Mwaka 2021 kadi za mezani za RTX 30 zilizotangulia zilihitaji vBIOS mpya ili zitumie Resizable BAR, yaani uwezo wa kichakato kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja. Kwa mpakato, njia iliyo salama ni ukurasa wa mtengenezaji peke yake, ambako vBIOS wakati mwingine huja ndani ya sasisho la BIOS ya mashine nzima.

Kabla ya kupakua chochote hapo, andika toleo ulilo nalo. Fungua kidirisha cha amri, andika nvidia-smi -q, utafute mstari wa VBIOS Version. Kisha kwenye orodha ya vifaa, ndani ya sifa za kadi, tazama kitambulisho cha maunzi: VEN_10DE ni NVIDIA, na tarakimu nne za mwisho za sehemu ya SUBSYS ni za kampuni iliyotengeneza mashine. Ukilinganisha hizo na za faili uliyopewa, utaona kwa macho yako kwamba haikuwa ya mashine yako.

Muuliza swali

Nimelinganisha kwa kuifungua faili kwenye programu ya kusomea vBIOS, na ni kweli, namba ya kampuni ni tofauti kabisa. Nimeifuta.

Feni nimezisafisha leo asubuhi, na vumbi lililotoka lilikuwa limeshikana kama kipande cha blanketi. Jioni nimecheza saa mbili na nusu mfululizo kwa wati 80 zilezile. Kadi imefika nyuzi 76, na hakuna tukio jipya la 4101. Kwenye ukurasa wa mtengenezaji kuna BIOS mpya ya mashine, lakini maelezo yake hayagusi grafiki, kwa hiyo nitaiacha hadi nipate betri nzima. Yule kijana wa mtaani nimemwonyesha mjadala huu, naye ameniomba kiungo cha DDU.

Mchangiaji wa pili (fundi, Mwanza)

Vizuri sana kaka. Hifadhi zile draiva mbili kwenye flashi diski, ili siku Windows ikizibadilisha usihitaji kununua bando tena. Na betri ukishaipata, iache ijae kabisa kabla ya kuianza hiyo BIOS.