Mmepitisha faiba kwenye bomba la majitaka, limeziba mnatupiana mpira

Wakuu, mnivumilie leo, nimechefukwa.

Kampuni ya simu imepitisha mkongo wa intaneti ndani ya bomba la majitaka la mtaa wetu. Tuliambiwa barabara haitachimbwa na vumbi halitakuwepo. Wazo lenyewe sina ugomvi nalo. Kuchimba na kufukia ndiko kunakokula sehemu kubwa ya gharama za kutandaza faiba, na bomba la majitaka tayari limefika kwenye kila nyumba.

Sasa limeziba. Fundi kaja na mashine ya maji ya presha, kafunua chemba, kamulika tochi, karudisha mfuniko. "Bosi, humu kuna waya wa watu. Nikiukata nani atalipa?" Nikapiga simu mamlaka ya maji: waone wenye waya. Wenye waya: sisi ni intaneti tu, masuala ya choo hayatuhusu. Baadaye ujumbe ukaingia kwamba malalamiko yangu yamefungwa, tatizo limetatuliwa. Limetatuliwa wapi, wakati maji meusi yanapanda kwenye tundu la bafu? Intaneti yao, lakini, iko vizuri. Uzi huu wenyewe nauandika kwa mkongo huohuo.

Nilimwomba fundi aniteremshie kioo nione. Waya umelegea katikati ya bomba, umening'inia mpaka kwenye maji. Umenasa nywele, matambara na zile tishu za kufutia watoto ambazo haziyeyuki, na mafuta ya jikoni yameganda juu yake tabaka kwa tabaka. Bomba lenyewe jembamba, hata kichwa hakiingii. Kazi ya namna hii ikifanywa kitaalamu, roboti hupita ndani na kubana pete za chuma cha pua ukutani, waya ukashikwa juu kabisa, mbali na uchafu. Hawa wetu wamevuta tu wakaondoka. Na hata hizo pete si mwisho wa maneno: gesi ya majitaka, ile inayonuka kama yai viza, hugeuzwa na bakteria kuwa asidi, na asidi hiyo hula zege kuanzia juu, palepale pete zinapoegemea. Kwa hiyo bomba linataka kukaguliwa miaka yote. Nani anakagua? Kimya.

Najua kuna mtu atasema mbona Paris nyaya zimo kwenye majitaka na mambo yanaenda. Sawa, tuongee Paris. Kule mifereji mingi ni mahandaki, mtu anatembea wima ndani yake. Nyaya za simu zilitundikwa humo, pamoja na mirija ya kusukuma barua kwa hewa iliyofanya kazi hadi 1984. Kibarua anaona waya, anaupita, anaendelea na usafi. Tokyo nao waliingiza faiba tangu miaka ya 1980, ila walioanza ni idara ya majitaka yenyewe, ikiutumia mkongo kuendesha vituo vyake vya pampu kwa mbali. Mwenye bomba na mwenye waya ni mmoja, hakuna wa kumtupia mpira. Sisi tumeiga waya, utaratibu tumeuacha hukohuko. Google waliwahi kutangaza intaneti ya kupitia chooni, tarehe 1 Aprili 2007, utani wa Siku ya Wajinga, watu wakacheka. Sisi tunailipia kila mwezi.

Msimamo wangu: anayeingiza waya kwenye bomba la majitaka asaini pia kuzibua. Akipigiwa simu aje na mashine yake, na waya ukikatika wakati wa kuzibua iwe hasara yake, si ya fundi wala ya mwenye nyumba. Hataki? Achimbe mtaro wake.

Mwenye kuujua mkataba wa namna hii aseme hapa kifungu cha kuzibua kilimwangukia nani. Na kama kuna fundi humu anayeweza kupiga presha bila kuujeruhi waya, anifuate inboksi sasa hivi, bafu halitumiki.