Betri inagandishwa kwa gundi, ikichoka unatupa kifaa kizima. Hii tabia imenichosha!

Wakuu, nina hasira na leo naitoa yote.

Nina spika za masikioni zisizo na waya, za bei ya juu, za kampuni kubwa ambayo sitaitaja. Nilizinunua miezi 26 iliyopita. Sauti yake mpaka leo ni safi, maiki inasikika vizuri, ukizigusa zinaitika. Hazijawahi kuanguka wala kuingia maji. Lakini ya kushoto inakaa na chaji dakika 19. Nimeipima mara tatu, simu mkononi. Ya kulia bado inafika saa 2 na robo. Kwa hiyo nikiongea na mtu, mazungumzo hayajakolea sikio moja limeshazima.

Niliwaandikia. Jibu likaja: betri haibadilishwi, waranti imekwisha, ila nina punguzo nikinunua toleo jipya. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Mimi sikuomba spika mpya, niliomba betri!

Nikaamua kuifungua mwenyewe, na nilijua hatari yake, maana betri ya lithiamu ukiitoboa inaweza kuwaka. Nikaipasha kwa mashine ya kukaushia nywele, nikapitisha kijiplastiki chembamba kwenye ule mshono unaouzunguka mwili wake, taratibu, karibu dakika 40. Ikatoa mlio mkavu, ukingo ukamegeka. Ndani nikakuta betri ya duara, saizi ya kifungo cha shati, imechomelewa vibati viwili na kufunikwa gundi nyeupe. Hakuna skrubu hata moja. Mahali pa kupenyeza ncha ya bisibisi hakuna. Aliyeiunganisha hakutaka ifunguliwe tena.

Na tusidanganyane kwamba hawakujua. Betri ya lithiamu-ioni inazeeka kwa mizunguko ya kuchaji (mzunguko mmoja ni kutumia chaji yote ya betri mara moja na kuijaza tena), kwa joto, na inazeeka haraka zaidi ikikaa muda mrefu imejaa. Sasa angalia matumizi ya spika hizi: kila ukizirudisha kwenye kasha lake zinajazwa, zinakaa zimejaa mpaka utakapozitoa, halafu kwa udogo wake unazimaliza chaji mara nyingi kuliko simu. Ni betri inayopata mateso yote kwa pamoja. Mhandisi aliyeichora alijua kwamba hiyo ndiyo itatangulia kufa, na bado ndiyo iliyomwagiwa gundi.

Kwenye simu watengenezaji wana visingizio viwili vya kufungia betri ndani: kuzuia maji na wembamba.

Cha maji kilishakufa zamani. Samsung Galaxy S5 ya 2014 ilikuwa na kiwango cha IP67, yaani inavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30, na mfuniko wake wa nyuma uliutoa kwa ukucha ukabadilisha betri. Mwaka uliofuata ikaja Galaxy S6, mgongo wa kioo, betri imefungiwa ndani, na ule uwezo wa kuzama majini HAUKUWEPO. Tulinyang'anywa betri na maji hatukupewa! Galaxy XCover7 ya 2024, ya kampuni hiyohiyo, ina IP68, kiwango cha juu zaidi cha kuvumilia maji, na betri inatoka kwa mkono. Kwa hiyo wanaweza, isipokuwa wameamua kuwapa watu wa kazi ngumu tu.

Wembamba ndio unanikera zaidi kwa sababu ndio mtindo wa sasa. 2025 tumeletewa Galaxy S25 Edge ya milimita 5.8 na betri ya mAh 3,900 (kipimo cha ujazo wa chaji), wakati S25 Ultra ina 5,000. Tumeletewa iPhone Air ya milimita 5.6, na pamoja nayo Apple wakatoa betri ya ziada ya kubandika mgongoni, iliyotengenezwa kwa ajili ya simu hiyo. Nani alilia kwamba simu yake ni nene? Mimi nimefuatilia hizi simu miaka mingi, nimesikia watu wakilalamika chaji, joto, kioo kupasuka. Unene sijausikia. Betri ndogo ina maana unachaji mara nyingi zaidi, mizunguko inaisha mapema, na siku ikichoka unakutana na gundi ileile.

Umoja wa Ulaya angalau wamejaribu. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu zinazoingia soko lao zinatakiwa betri ibaki na 80% ya uwezo wake wa awali baada ya mizunguko 800. Lakini wameacha mwanya: betri ikifikisha 83% baada ya mizunguko 500 na 80% baada ya 1,000, na simu ikavumilia vumbi na kuzama majini, mtengenezaji halazimishwi kuitengeneza betri itolewe na mtumiaji mwenyewe. Inabaki kazi ya fundi. Mizunguko 1,000 kwa mtu anayemaliza chaji kila siku haifiki hata miaka mitatu. Hiyo ndiyo simu ya kudumu?

Na asije mtu hapa kuniambia kwenye spika ndogo za masikioni haiwezekani. Fairphone walitoa Fairbuds 2024, na betri inabadilishwa kwenye spika zenyewe na kwenye kasha. Ni kampuni ndogo mno ukilinganisha na hawa wenye viwanda na maabara za kila aina.

Neno moja kwa mnaotengeneza video za kufungua maboksi, maana nawaangalia kila siku na wapo kati yenu mlionishawishi kununua hizi. Mnazitumia wiki moja mnazipa alama tisa kwa kumi. Mnasifia rangi ya kasha, mnasifia mlio wa kifuniko kikifunga. Sijaona hata mmoja akiuliza betri inatolewaje. Pigeni video ya mwezi wa ishirini na nne, hiyo ndiyo tunayoihitaji sisi tunaotoa hela zetu.

Naomba kila mwenye spika za namna hii zilizozidi mwaka aandike hapa: umezitumia miezi mingapi, kushoto inakaa muda gani, kulia muda gani. Pimeni kabisa, msikadirie. Naanza mimi: miezi 26, kushoto dakika 19 (kabla sijaifungua, sasa haiwaki kabisa), kulia saa 2 na dakika 15.