Naomba ushauri: kamera ya kuongoza darubini inayumba kaskazini-kusini

Habari za jioni wakuu. Natengeneza kamera ya kuongoza darubini (inafuatilia nyota moja ili darubini isiiache) bila laptopu: Raspberry Pi 4 (kompyuta ya ubao mmoja), sensa ya IMX290 na lenzi ya milimita 120, hivyo pikseli moja ni kama sekunde 5 za tao (sekunde ya tao ni 1/3600 ya nyuzi). Kila sekunde 2 inapiga picha, inatafuta kitovu cha nyota, kisha inatuma masahihisho kwenye tundu la ST-4 (la kupokea amri za kusogeza mota za darubini).

Mashariki-magharibi hakuna shida. Kasheshe ni kaskazini-kusini. Niko Dodoma, ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 6 tu juu ya upeo, tena nyuma ya mwembe wa jirani, kwa hiyo mhimili wa darubini, unaotakiwa kuelekea ncha hiyo, nimeulenga kwa kukisia na nyota inateleza. Nikisahihisha, mota inazunguka kwanza bila darubini kusogea (gia zina uwazi), halafu inapitiliza. Jana nyota zilitoka kama punje za mchele.

Nimepunguza masahihisho hadi asilimia 50, bado. Nikajaribu picha za nusu sekunde, ikawa balaa: nilikuwa nakimbiza mtikisiko wa hewa.

Je, programu isahihishe upande mmoja tu, ule unaopinga mtelezo? Na lenzi ndefu zaidi itasaidia, au tatizo ni gia tu?