Kashusha tekscha! Nyasi kaziacha Ultra, kashusha TEKSCHA!

Mchoma_Prosesa:
Wakuu heshima yenu, wakubwa shikamooni.

Yule "daktari wa FPS" (fremu kwa sekunde, ndizo zinazofanya gemu liteleze) simtaji, wote mnamjua, yule anayevaa miwani ya jua ndani ya chumba chenye giza. Leo kapandisha video ya gemu, eti "GTA V iteleze kama mlenda". Kadi ya grafiki GTX 1650 ya GB 4, monita 1080p, kona ya skrini inasoma FPS 31. Kafungua setingi. MSAA, ile ya kulainisha kingo, iko X4, kaipita. Vivuli viko PCSS, ile aina nzito, kavipita kama mtu aliyemwona anayemdai. Nyasi Ultra, NYASI, kazipita! Kafika kwenye tekscha, yaani picha zinazobandikwa juu ya kuta na vitu, kaitoa Very High kaipeleka Normal, anasema "ugonjwa ulikuwa hapa".

Karudi kwenye gemu. Ukuta umekuwa kama uji uliomwagika. FPS 31.

31 ILE ILE.

Mtu kamuuliza kwa adabu mbona haijapanda. Jibu lake: "Hiyo yako si kompyuta, ni pasi. Kauze."

Tekscha inakula VRAM, kumbukumbu ya ndani ya kadi. Juu ya ukurasa ule ule kuna mstari wa kuonyesha VRAM imetumika kiasi gani, na kama haujajaa, kushusha tekscha ni kumnyoa nywele mgonjwa wa tumbo. Ukijaa sawa, shusha, maana mzigo unahamia RAM ya kawaida na gemu linaanza kukwama. Ila wake ulikuwa haujajaa! Nusu yake kaifunika na nembo yake, lakini tumeona!

Zima MSAA, washa FXAA, nayo inalainisha kingo, gharama yake ni ndogo mno. Nyasi Normal, ukiringa sana High. Vivuli toa PCSS weka Soft. MSAA ya kuakisi nayo zima. Halafu tekscha IRUDISHE Very High, na upimie porini kwenye majani, si mjini kwenye lami.

Tekscha jamani. Nyasi ziko pale pale zinamcheka.

kibatari:
Mkuu umeandika kama umeporwa shamba. Hizo nyasi zimekukosea nini?

Mchoma_Prosesa:
Majani ni maelfu, na MSAA X4 inachukua sampuli 4 kwa kila pikseli ili kulainisha kingo. Ultra na X4 kwa pamoja, 1650 lazima ilie. Yeye kashika tekscha.

Mzee wa Ndevu:
Na wewe ni wale wale. Prosesa hujaigusa. Kuna watu wana OptiPlex, zile kompyuta za ofisini za Dell, yenye prosesa i5 ya kizazi cha 4, hapo unaweza kung'oa nyasi zote na FPS isisogee. Washa MSI Afterburner, programu ya kusoma mzigo. Kadi ikiwa 97% kwenda juu, shusha grafiki. Kadi ikiwa 55% na hujafunga FPS (hujaiwekea kikomo), mara nyingi anayelemewa ni prosesa: punguza wingi wa watu barabarani, na ukurasa wa pili ile ya kurefusha umbali irudishe sifuri. Usiangalie ile asilimia ya jumla ya prosesa, angalia koa moja moja, vile viini vya ndani ya prosesa. Jumla inaweza kusoma 60 huku koa moja iko 100 inakata roho.

pasi_ya_mkaa:
Sisi wenye pasi tunasalimia 😂

Mia kwa mia wengine wamechomeka HDMI ya monita kwenye mazabodi badala ya kwenye kadi. Kadi imelala chini inakusanya vumbi, gemu linaendeshwa na grafiki za ndani ya prosesa, mtu anabishana kuhusu nyasi.

Bi Fremu:
Mnapiga kelele za wastani tu. FPS 60 ni milisekunde 16.7 kwa kila fremu. Ikija moja ya milisekunde 50 jicho linaona mkwamo, wastani ubaki mzuri tu. Monita ya Hz 60 (inachora mara 60 kwa sekunde) ukiwasha V-Sync, ile ya kulinganisha fremu na monita, funga 60, au 30 kama mashine haiwezi. Ukifunga 45 itayumba, maana baadhi ya fremu zinakaa mzunguko mmoja wa monita na nyingine miwili.

Mchoma_Prosesa:
Dada hayo sawa, lakini yeye KASHUSHA TEKSCHA.

Mzee wa Ndevu:
Tumesikia kijana.

chaja_ya_mchina:
Afadhali huyo anatoa ushauri wa bure. Kuna yule mwingine, naye mnamjua, anauza "GTX 1050 Ti" ambayo ndani ni GTS 450, kadi ya zamani, imebadilishwa jina. Ifungue kwa programu ya GPU-Z, toleo jipya, inaiandika FAKE mbele ya jina. Kabla ya kulipa angalia mgongoni: ukikuta tundu la VGA, rudisha pesa mfukoni, 1050 Ti halisi haitoi VGA.

kibatari:
GPU-Z ni gemu la nini? Lina online?

pasi_ya_mkaa:
@kibatari 😭😭

Bi Fremu:
Na wauza laptop za gemu wasioonyesha zikiwa bila chaja? Betri haitoi wati za kutosha, kadi inajibana, FPS inaporomoka. Hapo bado vumbi kwenye feni na pasta ya kupitisha joto iliyokauka kama ugali wa juzi.

chaja_ya_mchina:
Mnaposema pasta, ya dukani ile ya sindano inafaa? Na RAM ya DDR3 GB 8 siku hizi bei gani?

Mzee wa Ndevu:
Chukua mbili za GB 4, zikae chaneli mbili, zifanye kazi sambamba. Moja ya GB 8 inabana njia, hasa kama huna kadi. Njoo PM.

Mchoma_Prosesa:
Wakuu turudi kwenye nyasi.

chaja_ya_mchina:
Nyasi gani?