Nina kisukari, naweza kutoboa pua?

Habari zenu wapendwa, nina kisukari aina ya 1 na natamani sana kuweka kipini ila dada angu kakataa katakata eti kidonda hakitapona, ni kweli?

mama_zuu: Ana haki ya kuogopa. Sukari ikiwa juu kidonda kinachelewa kupona na bakteria wanapata nafasi, ila sio marufuku kabisa, pima HbA1c kwanza (kipimo cha damu cha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3 iliyopita), ikiwa juu subiri ishuke

kassim_tz: Na wenye shida ya valvu (milango) za moyo au wanaokunywa warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) wasithubutu bila kumuona daktari jamani, bakteria wakiingia kwenye damu wanaweza kung'ang'ania kwenye valvu, hiyo inaua

neema88: Kwenu kuna keloidi, yaani kovu linalovimba likazidi kidonda? Sisi weusi zinatupata zaidi, angalia kovu lako la BCG (chanjo ya kifua kikuu) mkononi, kama lilivimba likapita kidonda chenyewe basi achana na kipini mdogo wangu